Mwalimu, usikivunje tena hicho kikonyo

Swali limetoka Mafinga, kwa mwalimu mstaafu. Nimelifupisha kidogo:

"Mwanangu, nina mmea wa kutambaa, kipande chake nilipewa na marehemu mama mkwe, sasa ni mwaka wa sita. Majani yake ni manene, yanang'aa kama yamepakwa mafuta, na ukiukata unatoa maziwa. Kwa mama mkwe ulikuwa unatoa mafungu ya maua ya waridi hafifu yenye nyota nyekundu katikati, yananukia jioni mpaka barazani. Kwangu umechanua mara moja tu, mwaka wa tatu, fungu moja. Tangu hapo ni majani matupu. Nimeuhamishia ndoo kubwa, nimeupa samadi, na kila mwezi naupunguza zile kamba ndefu zisizo na majani zinazoning'inia ovyo. Upo sebuleni juu ya kabati la televisheni. Jirani yangu naye ana wa kutambaa, anasema haujawahi kuchanua hata siku moja. Je, ni baridi ya huku kwetu?"

Shikamoo Mwalimu.

Baridi ya Mafinga tuitoe kwenye mashtaka mapema, haina hatia. Nitairudia, na utaona kuwa iko upande wako. Kwa maelezo yako mmea huo ni hoya, na kwa rangi ya maua ni ile aina iliyozoeleka zaidi majumbani, Hoya carnosa. Asili yake ni Asia ya mashariki, China ya kusini, Taiwan na visiwa vya kusini mwa Japani, ambako hukwea miti na kushikilia magome kwa vijizizi vyake. Maziwa uliyoyaona ni alama ya ukoo: ni ndugu wa mbungo, ule wenye mabungo ya juisi, ambao nao ukiuchanja unatoa utomvu mweupe. Jina la hoya alilitoa mtaalamu wa mimea Robert Brown mwaka 1810, kumuenzi Thomas Hoy, aliyekuwa mtunza bustani wa bwana mkubwa mmoja wa Uingereza. Huwa nafurahi nikikumbuka hilo, maana mara nyingi mmea hupewa jina la mwenye bustani, na aliyekuwa akishika ndoo ya maji hasikiki.

Sasa twende kwenye shauri. Kuna sentensi moja katika barua yako niliisoma mara mbili: "kila mwezi naupunguza zile kamba ndefu zisizo na majani." Mwalimu, maua yako umekuwa ukiyatupa jalalani kila mwezi.

Hoya haifanyi kama matembele, kwamba kila inapofika inaweka jani papo hapo. Kwanza inarusha kamba tupu, wakati mwingine inafika mita moja na zaidi, inapapasa hewani ikitafuta pa kushika. Ikishapata, au ikishachoka kutafuta, ndipo majani yanajitokeza kwenye vifundo, taratibu. Na ni kwenye vifundo hivyohivyo, pembeni ya majani, ndipo vinachomoza vikonyo vya maua. Wewe unaona kamba imesimama wiki nane haina kitu, unadhani imekufa au ni uchafu, unachukua mkasi. Mmea unaanza upya kurusha kamba nyingine, mwezi unaofuata mkasi umerudi. Kwa mwendo huo hata ningekuwa mimi nisingechanua.

La pili ni la kukisia, lakini sidhani kama nakosea. Lile fungu la mwaka wa tatu lilipokauka, ulikifanya nini kile kijiti kilicholibeba? Kama wewe ni nadhifu kama walimu wote walionifundisha, ulikivunja ili mmea upendeze. Kumbe hoya haitupi kikonyo chake. Maua yanapukutika, kikonyo kinabaki kijani au kahawia, kifupi, unene wa njiti ya kiberiti, na kwa macho ya haraka ni kitu kilichokufa. Kisogeze karibu na dirisha ukitazame vizuri. Utaona vikovu vidogo vimepangana kukizunguka, kimoja juu ya kingine, na kila kovu ni pale ua lilipokuwa limeshikizwa. Nchani kuna kidutu kigumu, kidogo kuliko punje ya ulezi. Hicho ndicho kitakachofumuka msimu ujao na kutoa fungu jingine, na msimu unaofuata vilevile. Kitaluni kwangu hapa Mbeya nina hoya yenye kikonyo ambacho kimeshachanua misimu saba. Kimerefuka kama kidole changu cha shahada, na wateja wananiuliza kila mara kwa nini sikikati. Ukikivunja, mmea unalazimika kujenga kingine mwanzo kabisa, na huo ni mwaka umepotea, pengine miwili.

Kwa hiyo kuanzia leo mkasi uuweke mbali. Hizo kamba ndefu kama zinakukera, zizungushe. Chukua waya mnene, ule wa kufungia nondo ukiukunja mara mbilimbili unafaa, tengeneza duara uchomeke ncha zake kwenye udongo, kisha ipitishe kamba polepole ikiwa bado mbichi na laini. Usiilazimishe kona kali, inakatika kwa sauti ambayo utaikumbuka. Kamba iliyoachwa ining'inie moja kwa moja kuelekea sakafuni huwa inazubaa. Iliyozungushwa na kurudishwa kwenye mwanga inachangamka.

Nimesema mwanga, na hapo ndipo kesi kubwa zaidi ilipo. Hata ukiacha kukata, juu ya kabati la televisheni hoya haichanui. Itaishi, majani yatazidi kuwa mazuri, wageni watausifia, lakini ua linajengwa kwa sukari na sukari inatengenezwa na mwanga. Nyumba zetu za nyanda za juu zimejengwa kwa kukwepa mvua na upepo: paa limetokeza, baraza mbele, dirisha lina wavu wa mbu, lina nondo, kisha pazia zito na jingine jepesi. Jicho letu linajirekebisha kwa hiyo tunaona chumba kina mwanga wa kutosha. Mmea haudanganyiki. Ukirudi hatua mbili tu kutoka dirishani, unachobakiwa nacho ni sehemu ndogo ya mwanga uliokuwepo pale kwenye kioo.

Fanya jaribio hili saa nne asubuhi siku isiyo na ukungu. Nyoosha mkono juu ya majani, kiasi cha rula moja ya shule, sentimita 30. Kivuli kikionesha vidole vitano vilivyochongeka, mahali hapo panafaa. Kikionesha doa tu kama la wingu, hapafai. Kisipoonekana kabisa, hapo weka picha ya ukutani.

Sasa dirisha lipi? Ushauri mwingi unaozunguka kwenye simu umeandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, unasema dirisha la kusini. Kwao jua la mchana linabaki upande wa kusini mwaka mzima. Sisi tuko kusini mwa ikweta, Mafinga ni nyuzi 8 na kidogo, na kwetu jua linahama. Kuanzia mwezi wa tatu hadi katikati ya mwezi wa kumi jua la mchana linapita upande wa kaskazini. Kuanzia hapo hadi mwishoni mwa Februari linapita kusini, karibu na utosi. Maana yake dirisha la kaskazini linapata jua wakati wa baridi na kulipoteza wakati wa mvua, na la kusini ni kinyume chake. Ndiyo maana mimi nashikilia dirisha la mashariki. Linapata jua la asubuhi mwaka mzima, jua laini lisilochoma, na ikifika saa tano limeshaondoka. La magharibi linafaa pia ukiwa na pazia jepesi la kuchuja, kwa sababu jua la alasiri la Oktoba huku juu ni kali na linababua majani yaliyozoea giza. Na usiutoe kabatini ukaupeleka juani siku hiyohiyo. Usogeze kwa awamu, wiki mbili hivi. Majani yakianza kuwa na wekundu kidogo pembeni, usishtuke, ni kama mtu aliyepigwa jua. Yakiwa na mabaka meupe makavu, umezidisha.

Turudi kwenye baridi. Kule ilikotoka, hoya hii inapitia majira ya baridi kila mwaka. Kipindi hicho inapumzika, na mapumziko hayo ndiyo yanayoiandaa kuchanua joto likirudi. Watu wa Dar es Salaam wananiandikia hoya zao zinakua kama mwitu lakini maua ni ya kubahatisha. Wao hawana namna ya kuupumzisha mmea. Sisi tunayo bure. Kuanzia Juni hadi Agosti hakuna mvua, usiku ni wa baridi, na ndani ya nyumba mara nyingi ni kati ya nyuzi 10 na 15. Ndicho kinachotakiwa hasa. Mpaka wake ni kwamba usishuke chini ya hapo kwa muda mrefu. Nilishawahi kuacha miche kumi na minne kwenye kibanda cha neti usiku mmoja wa Julai, hapa Mbeya, kwa uvivu tu wa kuihamisha. Asubuhi majani yalikuwa kama mchicha uliochemshwa. Kwako Mafinga, ambako umande huganda kwenye majani ya viazi, mmea ukae ndani, na usiku majani yasigusane na kioo.

Ila mapumziko siyo baridi peke yake. Ni pamoja na kiu kidogo, na hapa ndipo wengi wanaharibu, kwa sababu wanamwagilia kwa ratiba ya Jumamosi. Wakati wa baridi usiangalie kalenda, muulize mmea mwenyewe. Shika jani moja lililokomaa, ulikunje taratibu kama unavyokunja sambusa kabla ya kujaza nyama. Jani lenye maji ni gumu, linagoma. Jani lenye kiu linakunjika bila ubishi na linabaki limelegea. Likikunjika, mwagilia vizuri mpaka maji yatoke chini, kisha liache tena. Katika Juni na Julai unaweza kupitisha wiki tatu bila kumwagilia. Kuanzia Septemba, jua likiwa kali na upepo mkavu, itakuwa kila wiki au pungufu ya hapo.

Kuhusu ndoo kubwa, nielewe vizuri, ulifanya kwa upendo. Lakini huu ni mmea wa kwenye gome la mti, mizizi yake imezoea kubanwa na kukauka haraka. Ukiuweka kwenye ndoo ya lita 10 yenye udongo wa shamba na samadi, maji yanakaa chini siku nyingi, na kule katikati mizizi inakosa hewa. Mizizi iliyobanwa, kwa hoya, inakaribisha maua. Kwa hiyo baridi ikiisha, mwishoni mwa Agosti au Septemba, si sasa, utoe ndooni. Kung'uta udongo kwa mkono bila kuosha mizizi, kata ile tu iliyooza (ni myeusi na inateleza), halafu upande kwenye chungu au kopo lenye ukubwa wa kuzidi mizizi kwa upana wa kidole kimoja kila upande, lenye matundu chini. Baada ya hapo usiuhamishe tena miaka mitatu au minne.

Na kwa udongo wewe una bahati ambayo hata mimi sina. Uko jirani na Sao Hill, msitu mkubwa kuliko yote ya kupandwa nchini, na Mafinga nzima ni mashine za mbao. Nenda uombe magamba ya paina, yale yanayorundikwa pembeni na kuchomwa moto. Chagua ya zamani, yaliyokwisha kunyeshewa mvua msimu mzima, uyavunje yawe ukubwa wa kokwa la parachichi kupungua hadi ukubwa wa harage. Sehemu mbili za magamba, sehemu moja ya udongo mweusi wa msituni, sehemu moja ya mkaa uliopondwa. Huku kwetu Mbeya mimi badala ya mkaa natumia vile vijiwe vyepesi vya volkano vya upande wa Rungwe, vinavyoelea ukivitupa majini. Tafadhali usichukue vumbi la mbao ukidhani ni kitu kilekile. Likiwa bichi linanyonya naitrojeni yote likianza kuoza, na likilowa linashikamana kama ugali. Nilishauziwa na muuzaji mmoja mifuko sita ya "udongo maalumu wa maua", kuufungua nikakuta nusu ni vumbi la mbao na nusu mfinyanzi. Siku hizi nachanganya mwenyewe.

Samadi isimamishe. Samadi nyingi, na hasa UREA kama kuna aliyekushauri, inaambia mmea utoe majani. Wapo watakaokwambia DAP ina fosiforasi nyingi hivyo inaleta maua. Hiyo ni mbolea ya kupandia mahindi, na katika kopo dogo punje zake zinaunguza mizizi kabla maua hayajafikiriwa. Mimi natumia NPK ya 17-17-17, kijiko kimoja bapa cha chai kwenye lita 5 za maji. Ilale usiku, asubuhi nachuja machicha na kumwagilia juu ya udongo ambao tayari una unyevu. Mara moja kwa mwezi kuanzia Septemba hadi Machi. Wakati wa baridi, hapana kabisa. Lakini ukiwa na mwanga hafifu, hata mbolea ya dhahabu haitasaidia, kwa hiyo usianzie hapa.

Jambo moja la nyumba zetu za baridi ambalo ushauri wa wazungu hauligusi: jiko la mkaa sebuleni. Najua Julai ya Mafinga, mtu anaingiza jiko jioni kuota. Moshi na gesi ya kitu kinachoungua, hata usipouona, ina ethilini, na ethilini inaangusha matumba. Unaweza kufanya yote niliyoandika hapa, ukapata matumba, yakadondoka usiku mmoja. Na nikiwa hapo hapo, Mwalimu, hewa hiyo ya mkaa katika chumba kilichofungwa inaua watu, kwa hiyo jiko libaki nje kwa ajili yako kwanza, mmea baadaye. Vumbi na masizi kwenye majani yafute kwa kitambaa chenye maji matupu, bila mafuta wala maziwa.

Matumba yakishatokea, nakadiria mwaka ujao na siyo huu, kazi yako ni kutokufanya chochote. Yanaanza kama vichwa vya pini vilivyokusanyika, kisha yanavimba kila moja likiwa na pembe tano kama kibahasha kilichofungwa. Usiuhamishe mmea. Usiuzungushe hata robo duara ili upande mzuri uwatazame wageni. Mimi nilifanya hivyo kwa ajili ya harusi, nikapoteza mafungu matatu. Usiache udongo ukauke kabisa katika wiki hizo. Na chungulia nyuma ya matumba kama kuna vidung'ata, vile vijidudu vyenye unga mweupe kama pamba, wanapenda hapo kuliko mahali pengine. Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka kwenye kamba, wanafuata utamu wa vidung'ata. Pamba yenye spiriti ya hospitali, mgusie mmoja mmoja, rudia baada ya siku tano.

Likichanua, fungu moja linaweza kuwa na maua 20 au 30, kila moja kama limechongwa kwa nta, na katikati linadondosha asali. Inadondoka kwelikweli, kwa hiyo chini yake pasiwe na kochi lenye vitambaa vya kudarizi. Harufu inazidi usiku. Wengine inawaumiza kichwa, chumbani sishauri.

Jirani yako sina habari njema kwake, kama wake ni ule wa majani ya umbo la moyo yenye madoa ya njano, ambao watu huuotesha hata kwenye chupa ya maji. Huo una hitilafu ya kuzaliwa: hauwezi kutengeneza kwa kiwango cha kutosha kichocheo kiitwacho jiberelini, ambacho ndicho kinachouamuru mmea kuchanua. Hakuna dirisha wala mbolea itakayobadilisha hilo. Asijilaumu.

Ila ukitaka kumfurahisha, mkatie kipande cha hoya yako mwezi wa kumi. Hapo ndipo nakuruhusu mkasi, mara moja. Kiwe na vifundo viwili, kimoja kiingie kwenye udongo na kingine kibaki juu na majani yake, na uchague kamba iliyokomaa yenye kikonyo jirani, kwa sababu kipande cha kamba kubwa hukumbuka umri wake na huchanua mapema kuliko mche wa mbegu. Acha maziwa yakauke nusu siku kabla ya kupanda. Asikubali kuuziwa jani moja la hoya ya aina nyingine lililochomekwa kwenye kikopo, yale ya umbo la moyo yanayouzwa Februari kwa ajili ya Siku ya Wapendanao. Jani lisilo na kifundo linaota mizizi, linakaa kijani miaka, na kwa kawaida halirushi kamba hata moja. Mwambie asubiri miaka miwili au mitatu, na akiona kamba ndefu isiyo na majani, aje kwako kwanza kabla ya kwenda kutafuta mkasi.